Picha Moja, Maelezo Matatu

Mjane wa fundi viatu alifika kituoni kabla hata ya mfagizi. Tangu wamzike mumewe, hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Anakaa kwenye benchi la mapokezi, mkoba magotini, na kila afande anayepita anamuuliza swali lile lile. Asubuhi hiyo alimdaka Inspekta akiwa bado anatafuta ufunguo wa ofisi.

"Mmeshamkamata?"

"Waliompiga wako ndani, mama."

"Siulizi hao. Hao walikosea mtu, shauri yao na Mungu wao. Namuulizia mwizi mwenyewe, yule wa kwenye picha. Mwizi wa watoto anatembea mjini, mume wangu yuko kaburini, na nyie mnakunywa chai!"

Inspekta hakuwa na chai. Alikuwa na kichwa kinachomuuma, na simu yenye picha ambayo mji mzima ulikuwa nayo. Hata shangazi yake alimtumia, na maneno chini yake: "Mwanangu, wewe ni polisi, jihadhari na huyu."

Pale kituoni Inspekta walimwita Chekeche, kwa sababu ukimmiminia gunia la maneno anakurudishia kikombe kimoja cha unga, yaliyobaki yote pumba. Hawakumwita hivyo kwa kumpenda. Chekeche huchelewesha kazi, na Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa kupenda kazi iishe.

"Ujumbe wa picha umetoka kwenye simu ya yule mwalimu wa shule," Mkuu alimwambia, mlango ukiwa wazi, kila mtu anasikia. "Mwenyewe kakiri. Unataka nini tena, ujumbe uje hapa uape?"

"Nataka kujua ulipotoka pale ulipitia wapi."

"Ili iweje?"

"Ili niuzime. Jana sokoni wamemkimbiza muuza mkaa kwa sababu ya koti la kijani kama la kwenye picha. Kama asingekuwa na mbio, leo tungekuwa na maiti ya pili. Ukimfunga mwalimu, watu watasema kafungwa kwa kumwaga siri ya mwizi. Wataamini mara mbili."

Mkuu alijikuna shingo. "Mpaka jioni. Jioni namfungulia mashtaka."

Basi akatoka na dereva wake, konstebo mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu, ambaye kituo kizima kilimwita Babu Gia kwa jinsi alivyokuwa akizitesa. Njia nzima hadi shuleni gari lililia na Babu Gia akalialia naye, eti dunia imeharibika, siku hizi huwezi kumwacha mtoto hata dakika moja. Mjukuu wake alisoma pale pale.

Mwalimu wa kompyuta walimkuta darasani peke yake. Wanafunzi walikuwa wamehamishiwa kwa mwalimu mwingine, maana wazazi walishasema hawataki kumwona. Wanafunzi hao walikuwa wamempa jina, Mama Umejuaje, kwa sababu ukimwambia hata kwamba nje kunanyesha atakuuliza: umejuaje? Somo lake lilikuwa la kupima habari za mtandaoni. Ubaoni maswali yake matatu yalikuwa bado yameandikwa kwa chaki: *Nani kasema? Kajuaje? Nani mwingine kaona kwa macho yake?*

"Nionyeshe ulichotuma," Inspekta alisema. "Chote, kama kilivyo."

Mwalimu alimpa simu. Picha ilikuwa ile ile. Mtu amepigwa picha kwa nyuma, koti la mvua la kijani lenye mstari mweupe mgongoni, kofia ya koti imefunika kichwa, maji yamemfika kwenye visigino, begani kabeba mtoto anayelia. Uso wa mtoto ulikuwa umefichwa kwa doa jeusi.

"Doa umeweka wewe?"

"Mimi. Si haki kumwonyesha mtoto wa mtu. Na mlinzi nilimpiga kwa nyuma makusudi, nikaona nimstahi, mtu mzima analowana kazini."

"Huyu ni mlinzi?"

"Mlinzi wetu wa getini. Mvua ya wiki iliyopita, dimbwi lilijaa, akawa anawavusha watoto wadogo mmoja mmoja. Huyo alilia kwa sababu kiatu chake kilidondoka majini. Basi. Ndiyo hadithi nzima." Mwalimu alicheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Ningempiga picha ya uso, kila mtu angesema, aa, si mjomba wa getini huyu! Najua, Afande. Nalala nalo na kuamka nalo."

Chini ya picha palikuwa na maandishi. Juu kabisa: *Mwizi wa watoto anaswa na kamera akitoroka na mtoto getini.* Mtu akitaka kuendelea, ilimbidi abonyeze maneno ya bluu yaliyosema *Soma zaidi*. Inspekta akabonyeza. Likafunguka la pili: *Baba amburuza mwanawe aliyekataa shule.* Na la tatu: *Mlinzi amvusha mtoto dimbwi.* Kisha: *Wazazi wapendwa, hili ndilo zoezi la watoto wenu leo. Picha ni moja, maelezo ni matatu. Lipi la kweli, na umejuaje? Jibu nitaleta wakati wa mapumziko.*

"Uongo umeutanguliza wewe."

"Ningetanguliza mlinzi anavusha mtoto, nani angesoma? Nilitaka washtuke, halafu wacheke wenyewe. Nilitaka na wao wajifunze, maana unamfundisha mtoto mchana, jioni baba yake anamwambia simu haiwezi kudanganya."

"Na jibu?"

"Jibu lilikuwa limekaa kichwani mwangu, na simu ilikuwa sandukuni."

Inspekta alimtazama.

"Ni sheria ya shule. Kipindi cha kwanza kinapoanza, simu zote zinafungiwa kwenye sanduku la mwalimu mkuu, za walimu na za wanafunzi. Mpaka mapumziko. Nilituma kwenye kundi la wazazi, nikakabidhi simu, nikaingia kufundisha." Alikuwa anaongea huku anafuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Darasa walijibu wote. Mmoja, mfupi kuliko wenzake, alisimama akasema: mwalimu, mwizi gani anaiba mtoto halafu anampeleka ndani ya shule? Tazama, yuko nje, miguu yake inaelekea getini."

Inspekta aliitazama tena picha. Ni kweli. Siku zote hizo ameitazama, na geti lilikuwa mbele ya yule mtu, wala si nyuma yake.

"Tukampigia makofi. Tulikuwa tunapiga makofi, Afande, ndipo zikasikika kelele nje. Mimi nikafunga dirisha ili watoto wasikilize somo."

Inspekta hakuwa mtu wa kubembeleza, na muda ulikuwa unakwenda. Alitoa simu yake, akaiweka pembeni ya ile ya mwalimu.

"Huu ndio uliozunguka mjini. Tazama chini kabisa."

Mwalimu akainama. Picha, mstari mmoja wa maandishi, na chini yake vipande vya herufi za bluu vilivyokatwa katikati.

"*Soma zaidi*," alisema taratibu. "Mtu hakubonyeza. Amepiga picha ya kioo cha simu yake, akakata, akarusha."

"Na rangi ya ujumbe wenyewe?"

Mwalimu akatazama tena, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata uhai. "Mweupe! Umekaa kushoto, mweupe. Wangu mimi niliyetuma umekaa kulia, wa kijani."

"Basi aliyekata alikuwa anapokea. Hukukata wewe, wala hakukata mwanafunzi wako, maana simu zao zilikuwa sandukuni na yako. Ni mzazi wa kundi lenu, au mtu aliyeshika simu ya mzazi."

"Itanisaidia?"

"Itakupunguzia. Kukusaidia ni neno kubwa."

Mlinzi alikuwa kibandani kwake getini, kikohozi kimemshika. Ng'ambo ya barabara, mahali fundi viatu alipokuwa akikaa, palibaki kigoda na turubai lililochanika. Hakuna aliyethubutu kuviondoa.

"Koti lako liko wapi, mzee?"

"Mnalo nyie. Lina damu."

"Lilifikaje kwake?"

"Nilimpa mimi, kwa mkono huu. Kulikuwa kunanyunyiza, yeye kaja hana kitu, mimi nina kibanda. Nikamwambia vaa hili ndugu yangu, utapata homa bure. Akavuta kofia kichwani, akainama kushona. Hakukaa sana." Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na pengine hayakuwa ya kikohozi. "Nilikimbia kuwaambia huyo ni fundi, huyo ni fundi! Nani akusikilize? Kila mtu kashika simu mkono mmoja na jiwe mkono mwingine."

"Kuna mtu mwingine anajua kwamba wa kwenye picha ni wewe?"

"Watoto wanajua. Na mwalimu. Mimi mwenyewe nimeijua jana, maana simu yangu ni ya tochi, haina picha."

"Usimwambie mtu."

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya miguu na ya swali moja tu. Sio "kwa nini ulirusha," maana hilo kila mtu ana jibu lake zuri: nilitaka kuwaokoa watoto. Chekeche aliuliza: wewe ulitumiwa na nani? Nionyeshe. Halafu anakwenda kwa huyo, anauliza hilo hilo. Ni kama kufuata siafu mpaka shimoni kwao, ukiogopa kuumwa hufiki.

Alianza na mpaka rangi, aliyekuwa mahabusu kwa kurusha jiwe la kwanza. Kijana mwenye rangi nyeupe kwenye kucha. Alikuwa analia tangu siku ile.

"Hukumtambua?"

"Kwa nyuma ningemtambuaje? Kofia iko kichwani. Nilimtambua alipoanguka. Nikaona uso. Afande, viatu hivi nilivyovaa kanishonea yeye."

"Picha ulitumiwa na nani?"

"Mwenye duka la dawa."

Hapo Inspekta alidhani amefika. Mwenye duka la dawa aligombana na fundi viatu mwaka mzima juu ya kigoda kukaa mbele ya duka lake, na mtaa mzima ulikuwa shahidi. Na kwenye simu ya mpaka rangi, chini ya picha, mwenye duka alikuwa ameandika: *Huyu mimi nilishamtilia shaka zamani.*

"Ulimtilia shaka nani?" Inspekta alimuuliza akiwa kaegemea kaunta, wateja wametolewa nje.

"Mwizi."

"Yupi?"

"Huyo wa picha."

"Umemwona wapi kabla ya picha?"

Mwenye duka alianza kupanga upya chupa za kaunta. Jasho lilimtoka, na lilikuwa jasho la aibu zaidi kuliko la hatia. "Sikumwona popote. Niliandika tu. Mtu akitumiwa kitu naye anaongeza neno, ndivyo watu wanavyofanya! Ningejua ni fundi..." Akameza mate. "Tuligombana, ndiyo. Lakini viatu vya harusi ya binti yangu alivipaka dawa yeye."

Simu yake ilisema ukweli kuliko yeye. Picha aliipata kwa msusi wa saluni ya pembeni, na ilikuja na ujumbe wa sauti. Inspekta aliubonyeza. Mwanamke anahema, anakimbiza maneno: *Jamani, jamani, msikilize, mtu huyu yuko kwenye geti la shule, mimi nina mtoto anasoma pale, si maneno ya kuambiwa haya! Watumie wote unaowajua.* Sauti ilikuwa imejaa hofu ya kweli. Inspekta aliurudia, akaurudia tena. Babu Gia, aliyekuwa mlangoni, alitikisa kichwa kwa huruma.

Msusi alikuwa na mteja, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama ufagio. Aliposikia neno polisi hakutetemeka, alikasirika.

"Mnatufuata sisi wafiwa! Nendeni kwa mwizi!"

"Pole na msiba, dada. Marehemu ni nani wako?"

"Shemeji yangu. Kamwoa dada yangu, kanilea mimi."

"Na picha ulitumiwa na nani?"

"Na dada."

"Dada yupi?"

"Nina madada wangapi? Dada yangu huyo huyo." Msusi alisema hivyo kwa sauti kubwa, na sauti ikamrudia yeye mwenyewe. Kitana kikamtoka mkononi. Mteja akageuka nusu kichwa, akaona uso wa msusi wake, akageuka tena upesi kwenye kioo.

Mjane alikuwa kwenye kundi la wazazi kwa ajili ya mjukuu anayemlea. Siku ile mumewe aliondoka nyumbani bila koti. Koti lile la kijani hakuwahi kuliona maishani mwake. Aliona mwizi, akaogopa kwa ajili ya mjukuu, akakata, akarusha, akarekodi sauti ile ya kuhema kwa mdogo wake. Hakuna ubaya wowote uliomsukuma. Huo ndio uchungu wenyewe.

Walimkuta nyumbani, karejea kutoka kituoni. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, vyombo vya fundi vimepangwa ukutani, nyundo, koleo, nyuzi, nta. Inspekta alikataa kukaa, halafu akakaa.

"Mmemkamata?" mjane aliuliza.

"Mama, hakuna mwizi."

Akamweleza. Alimweleza yote kama anavyomweleza mtu mzima mwenzake, bila kuzungusha: zoezi, maelezo matatu, *Soma zaidi*, dimbwi, kiatu cha mtoto. Akafika kwenye simu, moja hadi nyingine, mpaka ya mwisho. Mjane alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakulia.

"Kwa hiyo unaniambia nimemuua mimi."

"Waliomuua nimewaweka ndani. Naomba kitu kimoja tu. Rekodi sauti nyingine, uwaambie watu wale wale uliowatumia kwamba si kweli. Wewe wakikusikia watakuamini. Mimi hawataniamini."

Mjane alitazama vyombo vya mumewe ukutani. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayehesabu mishono ya kiatu. "Wa kwenye picha ni mlinzi wa shule?"

"Ndiye."

"Una hakika?"

"Mwenyewe kasema. Na mwalimu alipiga picha akimwona."

"Na koti lile ni lake?"

"Lake."

"Akampa mume wangu siku ile ile."

"Alimwonea huruma. Kulikuwa na mvua."

"Siku nyingine za mvua alimpa?"

Inspekta akafikiri. "Sijui."

"Mtoto alikuwa analia, wewe umemuuliza mtoto?"

"Bado."

"Haya," mjane alisema. Alinyanyuka, akashika mkono wa Inspekta kwa mikono yake miwili. "Asante mwanangu. Wewe peke yako ndiye uliyekuja kunieleza. Nitarekodi. Nitarekodi sasa hivi."

Yalikuwa maswali mazuri. Mama Umejuaje mwenyewe angempigia makofi. Inspekta alitoka pale akiwa amechoka lakini mwepesi, na ndani ya gari alimpigia Mkuu wa Kituo kwamba asiandike mashtaka, uongo umepata wa kuufuta. Mkuu akasema haya, tuone.

Hawakufika mbali. Simu ya Inspekta ililia, ikalia tena, ikaanza kulia bila kupumua. Shangazi yake. Binamu yake. Jirani. Wote kitu kimoja, ujumbe wa sauti, na chini yake ile picha ya koti la kijani. Akabonyeza. Sauti aliijua, lakini safari hii haikuhema. Ilikuwa imetulia kabisa.

*Ndugu zangu, ni mimi, mke wa marehemu fundi viatu. Mwizi amejulikana. Ni mlinzi wa shule, yule wa getini. Koti ni lake, na siku ile alimvalisha mume wangu ili apigwe badala yake. Mimi nilikuwa siamini, lakini polisi mwenyewe kaja nyumbani kwangu, kakaa kwenye kiti changu, kaniambia kwa mdomo wake. Mlinzi mwenyewe kakiri kwamba wa kwenye picha ni yeye. Muulizeni. Bado yuko pale pale na watoto wetu. Lisemwalo lipo.*

"Geuza gari," Inspekta alisema. "Shuleni. Washa king'ora. Geuza, mzee!"

Babu Gia hakugeuza. Alikuwa amesimamisha gari pembeni, simu yake sikioni, akisikiliza ujumbe ule ule mpaka mwisho. Alipoishusha, uso wake haukuwa tena wa mzee anayelalamikia dunia. Ulikuwa uso wa babu wa mtoto anayesoma pale.

"Kumbe ni yule mlinzi, Afande."

"Si yeye! Ni uongo, nimekwambia nini siku nzima? Endesha!"

"Lakini hapa," Babu Gia alisema, akimwonyesha simu, "wanasema umethibitisha wewe."